Swali la Tumbaku katika Fomu ya Bima: Kwa Nini Linaulizwa na Namna ya Kulijibu

Mwanachama wa chama cha msingi anayeomba mkopo mkubwa, au anayejikatia bima ya maisha kwa ajili ya watoto wake, hukabidhiwa fomu yenye maswali kuhusu afya yake. Je, unavuta sigara au unatumia tumbaku ya aina yoyote? Unakunywa pombe, na kwa kiasi gani? Urefu wako na uzito wako ni kiasi gani? Umewahi kutibiwa shinikizo la damu, kisukari au kifua kikuu? Mbele ya kila swali kuna visanduku viwili, Ndiyo na Hapana. Aghalabu fomu hiyo hujazwa na katibu wa chama, kwa kuwa ndiye mwenye mwandiko unaosomeka, na kwa kuwa nje ya mlango kuna foleni ya watu wanaosubiri mbolea. Katibu huanza juu, hushuka hadi chini, na kila penye Hapana huweka alama. Mwanachama hutia sahihi au dole gumba, kisha mwingine huitwa.

Katibu anayefanya hivyo hana nia mbaya. Anataka kazi iende, na anaamini kwamba anamsaidia mwenzake asicheleweshwe wala kuongezewa gharama. Hata hivyo alama hizo za haraka zaweza kuigeuza bima iliyolipiwa kwa jasho kuwa karatasi tupu siku ya msiba, na deni likabaki kwa mjane na kwa wadhamini. Ili jambo hilo lieleweke, hapana budi kwanza kufahamu kampuni ya bima hufanya nini na majibu yale.

BEI YA BIMA HUTOKANA NA KUHESABU VIFO

Bima, kwa asili yake, ni jambo ambalo mwanaushirika halimpi taabu kulielewa. Watu wengi huchanga kidogo kidogo ili wachache watakaofikwa na balaa walipwe kutoka katika mchango wa wote. Kinachobaki ni kujua kila mmoja achange kiasi gani, na hapo ndipo panapohitajika hesabu. Mwaka 1693 mwanachuoni wa Uingereza, Edmond Halley, alichukua kumbukumbu za vizazi na vifo vya mji wa Breslau, ambao leo huitwa Wrocław na uko Poland, akatengeneza jedwali la kuonyesha ni watu wangapi wa kila umri hufariki kila mwaka. Mwaka 1762 chama cha Equitable kilianzishwa mjini London, kikawa cha kwanza kutoza ada ya bima ya maisha kwa kufuata umri wa mtu kwa hesabu ya namna hiyo. Tangu hapo haijaonekana ajabu kwamba mzee wa miaka 60 hulipa zaidi ya kijana wa miaka 25. Swali la tumbaku ni hatua nyingine katika njia ile ile.

Chukua mfano wa watu 1,000 wenye umri wa miaka 40, kila mmoja akiwa amekatiwa bima ya shilingi 5,000,000 kwa mwaka mmoja. Ikiwa hakuna hata mmoja anayevuta, na katika mwaka huo watafariki 4, kampuni itahitaji shilingi 20,000,000 za kulipa madai, yaani shilingi 20,000 kutoka kwa kila mtu, mbali na gharama za ofisi na faida. Sasa ikiwa wote ni wavutaji, na vifo vyao ni mara mbili, watafariki 8, na kila mmoja atapaswa kuchanga shilingi 40,000. Kundi likiwa la mchanganyiko, wasiovuta 800 na wavutaji 200, wastani wa vifo huwa 4.8, na mchango ulio sawa kwa wote huwa shilingi 24,000. Maana yake ni kwamba kila asiyevuta analipa shilingi 4,000 kwa ajili ya sigara za mwenzake.

Huenda mtu akasema kuwa shilingi 4,000 si kitu. Lakini soko la bima halina subira hiyo. Kampuni ya pili ikitangaza kwamba itawatoza wasiovuta shilingi 20,000 tu, hao wataanza kuhama mmoja mmoja. Kila wanapohama, kundi lililobaki linazidi kuwa la wavutaji, na ada yake inazidi kupanda, hata kampuni ya kwanza inajikuta na wavutaji watupu huku ikitoza ada isiyotosha. Makatibu waliowahi kuona wakulima bora wa chama wakiuza mazao yao pembeni, na chama kikabaki na mazao ya daraja la chini, wanaijua hali hiyo bila kufundishwa.

Tarakimu hizo ni za mfano, ila maradufu iliyotumika haikuokotwa hewani. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha nchini Uingereza utafiti ulioihusisha sigara na saratani ya mapafu. Mwaka 1951 wakaanza kuwafuatilia madaktari wa nchi hiyo, wakiwamo wanaume zaidi ya 34,000, ili kuona nani atafariki lini na kwa ugonjwa gani. Ufuatiliaji huo uliendelea kwa miaka 50. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2004 yalionyesha kwamba wavutaji wa kudumu walikufa takriban miaka 10 mapema kuliko wale ambao hawakuvuta kamwe. Nchini Marekani, Mganga Mkuu wa Serikali, Luther Terry, alitoa taarifa yake juu ya uvutaji na afya mwezi Januari 1964, na mwaka huo huo kampuni ya State Mutual ya Worcester, Massachusetts, ikaanza kuwapunguzia ada wasiovuta sigara. Kampuni hiyo ilipohesabu vifo vya wateja wake miaka kumi na mitano baadaye, iliona kwamba wavutaji walikuwa wakifa kwa kiwango cha zaidi ya maradufu ya wenzao. Katika miaka ya 1980 bei mbili, ya mvutaji na ya asiyevuta, zikawa jambo la kawaida katika nchi hizo, na siku hizi bei ya mvutaji huko mara nyingi ni mara mbili au zaidi.

Lipo pia tukio la zamani zaidi linalofaa kukumbukwa. Mwaka 1840 mjini London, Robert Warner, mtu asiyeonja pombe, aliomba bima ya maisha akaambiwa alipe ada ya juu kuliko wengine, kwa kuwa wakati huo iliaminika kwamba mtu asiyekunywa kabisa hudhoofika mwili. Warner na wenzake wakaanzisha chama chao cha bima. Baadaye chama hicho kilifungua madaftari mawili, moja la wasiokunywa na moja la watu wengine, na kwa miongo kadhaa kikahesabu vifo vya kila upande. Wasiokunywa walionekana kufa kwa uchache kuliko wenzao mwaka baada ya mwaka, na imani ya kale ikaanguka yenyewe. Chama cha wateja, chenye madaftari yaliyotunzwa vizuri, ndicho kilichowasahihisha wenye makampuni. Katibu anayechoka kuandika daftari la wanachama na ajue kwamba madaftari yamewahi kufanya makubwa.

JE, USHIRIKA SI KUBEBANA?

Katika mikutano ya wanachama huulizwa swali la haki. Ikiwa wote ni wamoja, kwa nini mmoja atozwe zaidi kwa sababu ya tabia yake? Jibu linategemea aina ya bima, na kuzichanganya aina hizo ndiko kunakoleta ugomvi mwingi.

Mifuko ya umma ya bima ya afya imejengwa juu ya kubebana. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, uliwawekea watumishi wa umma mchango wa asilimia 6 ya mshahara, nusu ikilipwa na mwajiri na nusu na mtumishi, bila kuuliza nani anavuta. Mfuko wa Afya ya Jamii ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu hadi 6 katika mikoa mingi ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka, na kaya ya mvutaji ililipa sawasawa na ya jirani yake. Si kila nchi imefanya hivyo. Sheria ya bima ya afya ya Marekani ya mwaka 2010 inawakataza wenye bima kumtoza mtu zaidi kwa sababu ya ugonjwa wake au uzito wake, lakini inawaruhusu kumtoza mtumiaji wa tumbaku hadi mara moja na nusu ya ada ya mwenzake. Na bado majimbo kama California na New York yamelikataa jambo hilo katika mipaka yao. Hata wenye fedha nyingi na hesabu nyingi, basi, hawajakubaliana juu ya haki iko wapi.

Bima ya mikopo inayokatwa na chama kwa ajili ya kundi zima imesimama katikati. Kwa mikopo midogo, kampuni huweka ada moja kwa kila shilingi elfu ya mkopo, na mwanachama hujaza tamko fupi tu la afya au asijaze kitu. Wavutaji na wasiovuta hulipa sawa. Lakini isidhaniwe kuwa sigara haina bei humo. Mwisho wa mwaka kampuni huangalia imelipa madai mangapi katika kundi lile, na ada ya mwaka unaofuata hupangwa kwa kuangalia hesabu hiyo. Chama ambacho wadaiwa wake wengi hufariki kabla ya uzee kitaona ada ikipanda kwa kila mwanachama, bila kuambiwa ni kwa sababu ya nani.

Mkopo ukizidi kiwango kilichotajwa katika mkataba wa kundi, au bima ikiwa ya mtu binafsi, hapo ndipo fomu ndefu inapoletwa na kila mtu hupimwa peke yake. Sehemu iliyobaki ya makala haya inahusu fomu hiyo.

"TUMBAKU YA AINA YOYOTE" MAANA YAKE NINI

Huenda ikaonekana ajabu kwa jarida la vyama ambavyo vingi vinaishi kwa tumbaku kuwahimiza wanachama waitaje tumbaku kama kitu cha hatari. Lakini mkulima hujua madhara ya dawa ya kuua wadudu na bado huinunua, na maarifa hayo ndiyo yanayomfanya avae nguo ndefu anapopuliza. Kufahamu fomu ni sehemu ya maarifa ya namna hiyo.

Kosa la kwanza hutokea katika neno lenyewe. Mzee anayeweka ugoro puani au chini ya mdomo huulizwa kama anavuta, naye hujibu kwa dhati kabisa kwamba havuti. Mwingine huvuta msokoto wa majani ya shambani kwake na kusema kwamba sigara hajaigusa tangu ujana. Mwingine huvuta sigara mbili tu za jioni akinywa na wenzake, na kwake hiyo si kuvuta. Fomu nyingi hazijali tofauti hizo. Zikisema tumbaku ya aina yoyote, zinakusudia sigara, kiko, msokoto, ugoro na ya kutafuna, na kwa kawaida hutaja muda, mara nyingi miezi 12 iliyopita. Mtu aliyeacha miezi 5 iliyopita bado huhesabiwa kuwa mtumiaji. Katibu asiulize "unavuta?" na kutosheka; alisome swali lote kama lilivyoandikwa, pamoja na muda wake.

Kwa bima kubwa, kampuni haitegemei jibu peke yake. Mwombaji hupelekwa kwa daktari, na mkojo, damu au mate yake huweza kupimwa. Mwili ukipokea nikotini huigeuza kuwa kitu kiitwacho kotinini, ambacho hubaki mwilini kwa siku kadhaa baada ya tumbaku yenyewe kwisha. Anayeacha kuvuta siku ya kwenda kwa daktari na kutafuna mnanaa njiani hajamdanganya mtu yeyote.

Hapa ndipo mkulima wa tumbaku anapokabiliwa na jambo ambalo mkulima wa pamba halimhusu. Nikotini huingia pia kupitia ngozi. Mtu anayechuma majani mabichi asubuhi, yakiwa bado na umande au maji ya mvua, na kuyakumbatia kifuani hadi nguo zikalowa, hunyonya nikotini mwilini bila kuwasha sigara hata moja. Wengi wamewahi kupata kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika jioni ya siku ya kuchuma, wakadhani ni malaria au chakula kibaya. Ugonjwa huo unajulikana kwa waganga, nao unatokana na jani bichi lenyewe. Mtu wa namna hiyo akipimwa wakati wa kuchuma anaweza kuonekana na kotinini ingawa katika maisha yake hajavuta, akatozwa ada ya mvutaji na kuhesabiwa kuwa mwongo juu yake.

Dawa ya jambo hilo ni rahisi, mradi ifanywe kabla. Mahali pa kazi fomu iandikwe wazi: mkulima wa tumbaku, huchuma na kufunga majani kwa mikono. Isiandikwe "mkulima" tu. Na ikiwa kipimo kinahitajika, mwombaji aombe kipimwe majani yakiwa yamekwisha kuchumwa na yeye amekaa wiki kadhaa bila kuyashika. Afya yenyewe, licha ya bima, inadai glavu, nguo ndefu zisizoloa, kungojea umande ukauke, na kuoga kwa sabuni mara baada ya kazi. Watoto wasitumwe kuchuma majani mabichi kamwe.

Yako madhara ambayo fomu haiyaulizi kabisa. Anayekesha kwenye bani akichochea moto, usiku baada ya usiku, huvuta moshi mwingi wa kuni, na mama anayepika jikoni kusiko na dirisha huvuta moshi huo kwa miaka. Hakuna kisanduku chao. Fomu huuliza yale ambayo wataalamu wa takwimu bima wamekwisha kuyahesabu kwa miaka mingi katika nchi zao, na mambo ya vijiji vyetu hayajahesabiwa kwa kiasi hicho.

SHINIKIZO, UZITO NA POMBE

Tumbaku ndiyo tabia inayobadilisha ada kwa nguvu zaidi, ila haiko peke yake. Makampuni ya bima yalikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kutambua kwamba shinikizo kubwa la damu hufupisha maisha hata kama mtu hasikii maumivu yoyote. Mwaka 1959 wataalamu wa takwimu bima wa Marekani walitoa uchunguzi mkubwa juu ya uzito na shinikizo la damu, uliotokana na mamilioni ya hati za bima. Ndiyo sababu ya kuulizwa urefu na uzito pamoja. Kilo 90 kwa mtu mrefu sana ni jambo moja, kwa mtu mfupi ni jingine.

Kuhusu shinikizo, wanachama wengi huficha kwa kuamini kwamba kulitaja ni kujifungia mlango. Mara nyingi mambo huwa kinyume. Mtu anayejulikana kuwa na shinikizo, anayehudhuria kliniki, na ambaye kadi yake inaonyesha kwamba vipimo vimetulia kwa dawa, hutazamwa kwa wema kuliko yule ambaye daktari wa bima anamgundua siku ile ile akiwa na kipimo cha juu na hana habari. Wa kwanza huenda akaongezewa ada kidogo au asiongezewe. Wa pili huambiwa arudi baada ya matibabu. Kadi ya kliniki, basi, iambatanishwe na fomu.

Juu ya pombe, fomu hudai kiasi, nalo neno "kidogo" si kiasi. Iandikwe chupa ngapi kwa wiki.

ALAMA YA HAPANA NA DENI LA MJANE

Chukua mfano wa mwanachama wa miaka 45, aliyekopa shilingi 6,000,000 kujenga bani na kununua mabati, akiwa na wadhamini watatu. Anatumia ugoro tangu ujana, na kwa miaka mitatu amekuwa akinywa vidonge vya shinikizo. Katibu ameweka Hapana mahali pote, naye ametia sahihi. Ada iliyotozwa ni shilingi 30,000 kwa mwaka. Kama angesema kweli ingekuwa 60,000. Baada ya miezi 14 anagongwa na lori akiwa juu ya baiskeli na kufariki. Deni lililobaki ni shilingi 4,000,000. Kampuni, kabla ya kulipa, inaomba taarifa ya hospitali, kama ifanyavyo hasa kifo kinapotokea katika miaka ya mwanzo ya bima. Katika jalada la hospitali viko vidonge vyote vya miaka mitatu. Dai linakataliwa.

Familia italia kwamba lori halina uhusiano na shinikizo wala ugoro, na kwa akili ya kawaida ina haki ya kushangaa. Lakini mkataba wa bima umejengwa juu ya kanuni ya uaminifu kamili, iliyotamkwa na Jaji Mansfield wa Uingereza mwaka 1766 na kurithiwa katika nchi nyingi zilizofuata sheria za huko. Anayeomba bima ndiye anayezijua siri za afya yake. Akizificha, kampuni imepanga bei kwa habari isiyo ya kweli, na inaweza kudai kwamba mkataba haukuwapo tangu mwanzo, bila kujali mtu amekufa kwa nini. Uingereza yenyewe iliilegeza kanuni hiyo kwa watu binafsi kwa sheria ya mwaka 2012: aliyekosea kwa uzembe hulipwa sehemu inayolingana na ada aliyotoa, na anayepoteza yote ni aliyedanganya kwa kusudi. Huo ni uamuzi wenye busara. Lakini chama kisipange mambo yake kwa kutegemea huruma ya sheria ya nchi nyingine. Hati za bima za hapa aghalabu hubeba kanuni ya zamani katika tamko lililo juu ya sahihi, tamko ambalo karibu hakuna anayelisoma.

Katika mfano huu, ada iliyoepukwa kwa miaka miwili ni shilingi 60,000. Wadhamini watatu wameachiwa 4,000,000, zitakazokatwa katika malipo ya tumbaku yao. Na sahihi iliyo kwenye fomu ni ya marehemu. Katibu aliyeweka alama haonekani popote katika karatasi zile.

MEZA YA KATIBU

Uongo mwingi katika fomu za afya hauanzii katika tamaa. Unaanzia katika aibu. Mtu anaulizwa habari za mkojo wake na vidonge vyake mbele ya foleni, na katika foleni ile yupo mkwewe. Hakuna mtu mwenye heshima zake atakayejibu kweli mahali pale. Fomu za afya zijazwe siku isiyo ya kugawa pembejeo, mlango ukiwa umefungwa, mwanachama mmoja mmoja. Kila swali lisomwe kwa sauti na kwa lugha anayoielewa mwombaji, na jibu liandikwe kama alivyolisema. Asiyejua kusoma asomewe fomu yote tena kabla ya kutia dole gumba, mbele ya shahidi aliyemchagua mwenyewe. Nakala moja apewe yeye, nyingine ikae katika jalada linalofungwa kwa ufunguo. Katibu atakayesikika kilabuni akisimulia nani anakunywa vidonge gani atakuwa ameharibu kazi hiyo kwa miaka kumi, maana baada ya hapo hakuna atakayemwambia kweli.

Ada ya mvutaji si kifungo cha maisha. Makampuni mengi humkubali kuwa asiyevuta mtu aliyekaa miezi 12 kamili bila tumbaku ya aina yoyote, akithibitishwa kwa kipimo, na ada yake inaweza kupangwa upya akiomba kwa maandishi. Kampuni haimtafuti mteja ili kumpunguzia, lazima aombe. Kwa upande wa uhai, wale madaktari wa Uingereza walioacha wakiwa na miaka 60 walipata takriban miaka 3 ya ziada kuliko walioendelea, walioacha wakiwa na miaka 50 walipata 6, wenye 40 walipata 9, na walioacha wakiwa na 30 waliepuka karibu hasara yote.

Wako pia wanachama ambao fomu zao zimekwisha kupelekwa zikiwa na Hapana zisizo za kweli. Hao hawajachelewa wakiwa hai. Mwanachama aandike barua kwa kampuni, ataje namba ya hati yake, aeleze jibu gani lilikosewa na jibu sahihi ni lipi. Kampuni inaweza kuongeza ada, kubadili masharti, au pengine kuivunja bima na kurudisha fedha. Lolote kati ya hayo mwanachama atalijua mapema na kujipanga, pamoja na wadhamini wake. Barua ipelekwe kwa mkono inapowezekana, nakala yake igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na nakala hiyo ibanwe nyuma ya hati ya bima, katika jalada lile lile.